Kijiko Kipi?

Mwaka 1994, tukiishi Kizota, binti yangu alishikwa na homa usiku. Kulipokucha nilikwenda duka la dawa baridi, nikapewa chupa ya dawa ya maji na maneno machache: "Kijiko kimoja, kutwa mara tatu." Kijiko nilichokuwa nacho ni kile cha kulia wali. Siku ya pili mtoto akawa analala tu na kutapika, nikambeba hadi zahanati. Muuguzi aliiangalia chupa, akaniuliza: "Mama, kijiko kipi?" Cha chai huchukua mililita 5, cha chakula 15. Nilikuwa nikimpa mara tatu ya kipimo. Binti alipona, namshukuru Mungu.

Wala hatukuwa watu wasiofundishwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, redio katikati, kitabu mkononi. Walisikiliza, wakasomeana, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Huo ndio uliokuwa uzuri wake: somo liliishia kwenye jembe. Lakini lilihusu kinga zaidi. Kipimo cha dawa kilibaki kwa mwenye duka, ambaye mara nyingi naye hakufundishwa.

Mageuzi yalianzia Ruvuma mwaka 2003, maduka ya dawa baridi yalipoanza kugeuzwa kuwa Maduka ya Dawa Muhimu, kwa sharti kwamba muuzaji apate mafunzo kwanza. Baadaye mpango ukaenea nchini. Ikaja pia dawa mseto ya malaria: mtoto wa kilo 5 hadi 14 humeza kidonge 1 mara mbili kwa siku, kwa siku 3, dozi ya pili baada ya saa 8.

Mwanafunzi wa famasia anaweza kuikariri hesabu hiyo na kufaulu mtihani. Mimi ningemtaka aigize mama mwenye mtoto anayelia mgongoni, asiye na saa ukutani, aeleze atafanyaje kidonge kikitapikwa. Hapo ndipo angejua maelezo yake yanapungukiwa nini.

Mwaka jana binti yule, sasa mama, alinunua pakiti ya chumvichumvi hapa Kizota, mtoto wake akiharisha. Muuzaji hakumwachia pakiti. Alimwuliza atapimaje lita moja ya maji.

"Kwa kopo," akajibu.

"Kopo lipi, dada?"