Kamera ya babu, gPhoto na Linux

Wiki iliyopita nilitoka Homa Bay kurudi Migori na kamera ya dijitali ya marehemu babu. Ni ya mwaka 2003, haina kadi, picha zote zimo ndani yake, na CD ya Windows iliyokuja nayo ilipotea zamani. Nyanya alinipa sharti moja: picha zikifutika, nisirudi.

Nikakumbuka historia. Miaka ya tisini kamera nyingi zilitumia waya wa siriali, na kila kampuni ilikuwa na lugha yake ya siri. Programu ilitoka kwa Windows au Mac tu. Mwaka 1998 Scott Fritzinger akaanzisha gPhoto. Pale kampuni zilipokaa kimya, wachangiaji walisikiliza mazungumzo ya kamera na kompyuta, baiti kwa baiti, wakayaiga. Kwa biti 115,200 kwa sekunde, picha ya megabaiti moja ilichukua kama dakika moja na nusu. Na betri je!

Kisha ikaja kerneli 2.4, Januari 2001, ambayo iliweza kuisoma kamera ya USB kama diski ya kawaida. Ungeandika mount /dev/sda1 na picha hizo hapo, mradi wewe ni root (hapo ndipo wengi walikwama). Kamera nyingine zilifuata PTP, kanuni ya pamoja ya kampuni nyingi, na libgphoto2 ikajifunza kuizungumza.

Kwetu kulikuwa na mlima mwingine. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, ghali na ya kobe. Kushusha Linux nzima ukiwa saiba ilikuwa ndoto. Ndiyo maana CD za Ubuntu zilizotumwa bure kwa posta, hadi 2011, zilikuwa dhahabu.

Basi nikachomeka waya, nikaandika gphoto2 --auto-detect. Ikaonekana! Lakini kuvuta picha kukagoma: kumbe desktop yenyewe ilikuwa imeishikilia kamera kupitia gvfs. Nikaizima, nikaandika gphoto2 --get-all-files.

Picha 41. Babu yuko ziwani, ameinua sangara. Tarehe zote zinasema 1 Januari, saa ya kamera ilikuwa imekufa. Nakala moja iko kwenye diski, nyingine kwenye flashi. Kwenye kamera sijafuta kitu.