Kukosa na Kosa: Kiswahili cha Uwanja wa Shabaha katika Jeshi la Uganda, kutoka King's African Rifles hadi Makindye

Historia ya Kiswahili nchini Uganda imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata misafara ya biashara, shule za misheni na sera za serikali. Mlango wa kambi ya jeshi hutajwa kwa haraka, tena kwa lawama: ndimo ilimotokea lugha ya bunduki. Lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo, inaficha jambo moja, kwamba ndani ya kambi palikuwa na mahali ambapo Kiswahili kililazimika kuwa sahihi kuliko popote, nao ni uwanja wa shabaha. Makala haya yanafuata neno moja la uwanja huo, yaani kukosa.

Msamiati wa silaha katika Kiswahili ulikuwapo kabla ya jeshi la kikoloni. Bunduki na risasi zote zina asili ya Kiarabu, na risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachotoka mtutuni. Shabaha nayo imebeba maana ya mfano au sura, kisha ya kitu kinacholengwa. Kukosa, kwa upande wake, ni neno la Kibantu lenye mzigo mzito: ni kutopata, ni kupungukiwa, tena ni kutenda kosa. Askari aliyekosa shabaha na askari aliyemkosea mkuu wake walielezwa kwa kitenzi kilekile.

Jeshi lililokuja kukitumia Kiswahili hicho halikuanza nacho. Wasudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891, walizungumza Kiarabu chao, ambacho wazao wao Wanubi wangali nacho. Uasi wao wa mwaka 1897 uliwafanya Waingereza kutafuta askari kwingineko pia. King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902, batalioni ya nne ilitokana na kikosi cha Uganda. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuza jeshi hilo kutoka askari wapatao 2,400 hadi zaidi ya 30,000, na katika mchanganyiko huo wa makabila Kiswahili kilishika nafasi. Amri za gwaride ziliendelea kuwa za Kiingereza. Maelezo ya mkufunzi kwa kuruta ndiyo yaliyokuwa ya Kiswahili. Tofauti hii ina uzito wake. Amri haihitaji kueleweka sana ili itiiwe, lakini kuruta haambiwi kwa amri kwa nini risasi yake imepita kushoto.

Mafunzo ya shabaha kwa desturi ya Waingereza hayakuanza na kupata. Kuruta alipiga risasi kadhaa kwenye sehemu moja ya kulenga, kisha matundu yakatazamwa jinsi yalivyokaribiana. Yakiwa yamesongamana mbali na katikati, mtu hana tatizo. Vilengeo vya bunduki ndivyo vinavyorekebishwa. Yakiwa yametawanyika, tatizo ni la mpigaji: pumzi, kitako kisichotulia begani, au kufyatua kwa pupa. Baadaye ndipo alipopimwa kwa alama. Aliyekosa kabisa alipungiwa bendera nyekundu kutoka kwenye handaki lililo chini ya shabaha, mbele ya wenzake wote, na aliyeshindwa kufikia kiwango alirudia zoezi.

Aibu ilikuwapo, na jeshi la kikoloni halikuwa shule ya upole. Kiboko kilitumika kwa makosa ya nidhamu. Lakini mantiki ya uwanja ilitenganisha mambo mawili ambayo lugha iliyachanganya. Kukosa shabaha kulikuwa taarifa inayohitaji uchunguzi, ilhali kosa lilihitaji mashtaka. Mkufunzi aliyezungumza Kiswahili ilimbidi ayatenganishe kwa maelezo, kwa kuwa kitenzi peke yake hakikumsaidia. Hapa ndipo Kiswahili cha kambi, kinachodharauliwa kuwa ni lugha ya amri fupi, kilipofanya kazi ya kufundisha.

Utengano huo ulidhoofika baada ya uhuru. Uganda ilirithi batalioni moja mwaka 1962. Uasi wa Jinja wa Januari 1964 ulijibiwa kwa nyongeza kubwa ya mishahara na kupandishwa vyeo kwa haraka, hivyo askari wakaona kuwa cheo kinaweza kupatikana bila kupimwa. Baada ya Idi Amin, mwenyewe zao la King's African Rifles, kutwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, jeshi lilipanuliwa upesi na vyeo vikagawiwa kwa uaminifu.

Kambi ya polisi wa kijeshi ya Makindye, juu ya kilima kusini mwa Kampala, ikawa gereza linaloogopwa. Bunduki za Makindye hazikuhitaji shabaha ya mbali. Mfungwa aliyeletwa pale aliambiwa ana kosa, na hapakuwa na wa kulipima. Neno lilibaki na maana moja tu kati ya zile mbili, na maana hiyo ndiyo wakazi wa Kampala walioisikia. Amin alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi waliipokea lugha hiyo wakiwa na Makindye akilini. Jeshi lenyewe lilipimwa mwaka 1979 mbele ya Watanzania, nao pia wasemaji wa Kiswahili, na Kampala ikaanguka mwezi Aprili.

Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni mwaka 2022. Wakufunzi wa jeshi wangali wanakitumia viwanjani. Huko Makindye ndiko ilikokuwa na makao Mahakama Kuu ya Kijeshi, ambayo Januari 2025 Mahakama ya Juu iliizuia kuwahukumu raia. Hoja iliyoamuliwa ilikuwa ni nani mwenye haki ya kulipima kosa la nani.