Sarufi Ilipoingia Hadithini

Mwishoni mwa miaka ya 1870 kilitoka London kitabu cha sarufi ambacho hakikuanza na fasili wala jedwali. Kilianza na nchi. Katika nchi hiyo, iitwayo Grammar-Land, maneno yote ya Kiingereza ni mali ya jamaa tisa, na jamaa hao hawaishi kugombana kuhusu neno lipi ni la nani. Anayewaamua ni Jaji Grammar. Mtoto anaambiwa kwamba jaji huyu ana nguvu kuliko malkia yeyote wa hadithi za maajabu, maana hata wafalme wa kweli hawana budi kumtii kila wafunguapo kinywa.

Mwandishi wake, aliyejitambulisha kwa jina la M. L. Nesbitt, aliwapa jamaa hao tisa sura na tabia. Nomino ni bwana tajiri, kwa sababu jina la kila kitu ni lake. Kiwakilishi ni rafiki yake wa karibu, wa kumfaa kazini. Kivumishi ni msemaji sana. Kitenzi ni daktari mwenye shughuli nyingi. Vile vineno a, an na the vimekuwa kijana mmoja mdogo aliyevaa matambara. Kila mmoja anaitwa kwa zamu mahakamani aeleze mali zake, na kila kikao kikiisha, watoto wa jimbo la Schoolroom-shire, yaani wasomaji wenyewe, wanapelekewa maneno wayapange. Sura moja ni kesi ya wizi, na mshtakiwa ni Kivumishi. Nyingine ni ugomvi wake na Kiwakilishi.

Kwa mtoto ulikuwa mchezo. Lakini ili kitabu kama hicho kipatikane, ilibidi yamalizike mabishano mawili yaliyodumu zaidi ya karne nzima: kama Kiingereza kinaweza kufundishwa bila kuazima sarufi ya Kilatini, na kama hadithi za majini na wachawi zinafaa kusomwa na watoto.

Kilatini ndicho kilichotangulia. Katika miaka ya 1540, chini ya Mfalme Henry VIII, sarufi ya Kilatini iliyobeba jina la William Lily ndiyo iliyoidhinishwa kutumika katika shule za Uingereza, na iliendelea kuwatesa wavulana kwa vizazi vingi. William Bullokar alipochapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586, aliijenga juu ya msingi wa Lily. Mtindo huo ukaota mizizi. Mtoto alikaririshwa nomino katika hali zake zote, kana kwamba nomino ya Kiingereza hubadilika umbo kama ile ya Kilatini, ilhali haibadiliki isipokuwa katika wingi na umilikaji. Lewis Carroll alilijua jambo hili vizuri. Katika Alice's Adventures in Wonderland, kitabu cha mwaka 1865, Alice anataka kuongea na panya lakini hajui amwiteje. Anakumbuka orodha ya hali za nomino aliyoiona katika kitabu cha Kilatini cha kaka yake, anaiiga, na kumwita panya kwa umbo la mwisho la orodha hiyo. Wasomaji wa wakati ule walicheka kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamekariri orodha za namna hiyo.

Mlango wa kwanza wa kutoka kwenye ukaririshaji huo ulifunguliwa na mwanafalsafa John Locke. Katika kitabu chake cha malezi cha mwaka 1693 alisema kwamba mtoto anaweza kufundishwa kusoma kwa njia ya mchezo, na akapendekeza hekaya za Aesop. Hata hivyo, Locke huyohuyo aliwaonya wazazi wasiwaruhusu watumishi kuwasimulia watoto habari za mazimwi na viumbe wa gizani, kwa kuhofia kwamba woga huo ungekaa moyoni mpaka utu uzima. Basi mchezo ulikaribishwa, na hadithi za maajabu zikaachwa nje.

Waliousukuma mlango huo zaidi walikuwa hasa wanawake. Sababu yake ni rahisi kuiona. Wasichana wengi hawakufundishwa Kilatini, na wengi wa waliowafundisha watoto wadogo majumbani walikuwa akina mama, shangazi na walezi ambao nao hawakukijua. Walihitaji sarufi ya Kiingereza inayojitegemea. Ann Fisher, mwalimu wa Newcastle, alitoa sarufi ya namna hiyo katikati ya karne ya 18. Aliweka kando hali za Kilatini, akatumia majina mepesi, na akawapa wanafunzi sentensi zenye makosa wazisahihishe wenyewe. Baadaye, mwaka 1795, Lindley Murray, mwanasheria kutoka New York aliyehamia karibu na mji wa York, aliandika English Grammar kwa ajili ya shule ya wasichana ya madhehebu ya Waquaker. Kitabu hicho kilikuja kuuzwa kwa mamilioni pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Kilikuwa na mpangilio mzuri, lakini kwa mtoto wa miaka sita kilikuwa kizito.

Aliyemfikiria mtoto huyo wa miaka sita ni Ellenor Fenn. Aliishi East Dereham, katika jimbo la Norfolk, na hakujaliwa watoto wa kuzaa, ila alilea na kufundisha watoto wa jamaa zake. Aliandika kwa majina ya kujificha, likiwamo la Mrs Lovechild. Mbali na vitabu, alibuni sanduku la vifaa vya kuchezea ambavyo mama angeweza kuvitumia kufundisha herufi, hesabu na sarufi sebuleni. The Child's Grammar, kijitabu chake cha miaka ya mwisho ya karne ya 18, kilikuwa kidogo kiasi cha kutia mfukoni, na kilichapwa tena na tena kwa miongo kadhaa. Fenn huyohuyo ndiye aliyeandika, mwaka 1789, The Fairy Spectator, kitabu cha mazungumzo ya maadili chenye viumbe wa maajabu ndani yake. Sarufi na maajabu vilikuwa vimefika kwenye meza ya mwandishi mmoja, ila kila kimoja kikabaki katika kitabu chake.

Kilichovitenga ni hofu ya zama zile. Sarah Trimmer, aliyeendesha jarida la kukagua vitabu vya watoto kuanzia mwaka 1802 hadi 1806, aliona hadithi kama ya Cinderella inamjaza mtoto wivu na chuki kwa mama wa kambo na ndugu. Upande wa pili alikuwapo mwandishi Charles Lamb, ambaye mwaka 1802 alimwandikia rafiki yake, mshairi Coleridge, akilalamika kwamba vitabu vya mafunzo makavu vimezifukuza hadithi za kale kutoka kwenye maduka ya vitabu. Hii haikuwa hoja ya wasomi wawili watatu tu. Wazazi walinunua vitabu kwa kufuata mawazo hayo, na wachapishaji walichapa kilichonunuliwa.

Biashara ndiyo iliyobadilisha mambo. John Harris, aliyerithi duka maarufu la familia ya Newbery jijini London mwaka 1801, aligundua kwamba vitabu vya kuchekesha vyenye picha vinauzwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 akatoa The Infant's Grammar, ambamo aina za maneno zinakwenda pikiniki pamoja. Mwaka 1824 kikafuata Punctuation Personified. Humo yumo mvulana aitwaye Robert, anayejua kusoma lakini anasoma mbiombio bila kupumua, hata msikilizaji haambulii kitu. Bwana mmoja, Mr Stops, anajitokeza kumfundisha alama za uakifishaji, na kila alama imechorwa kama mtu: mkato ni mshauri, nukta mkato ni afisa wa jeshi anayetembea kwa maringo katikati ya sentensi. Picha zilipakwa rangi kwa mkono, moja moja. Mtoto aliyeyaona maringo ya afisa yule hakuhitaji kuelezwa mara mbili kwamba hapo sauti inatua zaidi kuliko kwenye mkato.

Wakati huohuo hofu ya hadithi za maajabu ilianza kupungua. Ngano za ndugu Grimm zilitafsiriwa kwa Kiingereza na Edgar Taylor mwaka 1823, zikiwa na michoro ya George Cruikshank, na mwaka 1846 zikafuata zile za Hans Christian Andersen. Mwaka 1837 Robert Southey alichapisha hadithi ya dubu watatu, ambamo anayeingia nyumbani bila kubisha hodi ni bibi kizee. Msichana wa nywele za dhahabu alikuja kuingizwa na waandishi wa baadaye. Hadithi hiyo haikuandikwa kama somo, lakini ukiitazama kwa karibu ni somo kamili. Kuna vitu vitatu vya ukubwa tofauti, kwa hiyo vivumishi vinarudiwa kwa mpangilio uleule: kwa bakuli, kisha kwa viti, kisha kwa vitanda. Kila dubu anasema jambo lilelile kwa kitenzi cha has been, wakati ambao wageni wengi wanaojifunza Kiingereza hupata taabu nao. Hata herufi zilichapwa kwa ukubwa tofauti kulingana na sauti ya kila dubu. Mtoto aliyesomewa hadithi hiyo mara tano amekwishaisikia sentensi hiyo mara nyingi kabla mwalimu yeyote hajamtajia jina la wakati wake.

Basi Grammar-Land ilipotoka, njia ilikuwa imeshalimwa. Tena ilitoka wakati watoto wengi mno walikuwa wanaingia shuleni. Sheria ya elimu ya mwaka 1870 iliagiza shule za msingi zijengwe pale zilipopungua, na mwaka 1880 kuhudhuria kukawa lazima. Wakaguzi wa serikali walipima wanafunzi darasa kwa darasa, na ruzuku ya shule ilitegemea matokeo. Kuchanganua sentensi, neno baada ya neno, lilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyapima. Nesbitt hakulikimbia zoezi hilo; alilichukua akalifanya wakili, Serjeant Parsing, anayefika Schoolroom-shire na kuwafundisha watoto namna ya kulihoji kila neno.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa kitabu kile. Kiingereza kilipoteza viambishi vyake vingi karne nyingi kabla, na neno lake mara nyingi halina alama ya kuonyesha ni la aina gani. Water iliyomo mtungini ni nomino. Mtunza bustani anapoyapa maua water hiyo, neno hilohilo laweza kuwa kitenzi, na halijabadilika hata herufi moja. Huwezi kulijua kwa kulitazama. Unalijua kwa kuuliza linafanya kazi gani. Hadithi hufanya hivyohivyo kwa wahusika wake, maana sungura tunamtambua kwa hila zake na fisi kwa ulafi wake. Ndiyo maana mahakama ya Nesbitt ilifundisha sarufi ya Kiingereza kwa uaminifu kuliko majedwali ya Lily.

Kwa mtoto anayekua na Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Lugha yake humpa alama masikioni. Akisikia kikubwa anajua ngeli, na akisikia atakuja anajua wakati na mtendaji. Akifika kwenye Kiingereza anakuta big ni ileile kwa kisu, mti na mtu, na wakati uliopita wa go ni went, umbo lisilofuata kanuni yoyote. Kukariri orodha humsaidia kidogo. Kinachomsaidia zaidi ni kuyasikia maumbo hayo yakifanya kazi, tena na tena, ndani ya jambo analotaka kujua mwisho wake, na ngano husimuliwa kwa wakati uliopita tangu sentensi ya kwanza. Njia hiyo ilijaribiwa hata upande wa pili: mwaka 1870, miaka michache kabla ya Grammar-Land, mmishenari Edward Steere alichapisha Swahili Tales, ngano alizozikusanya Unguja na kuzipanga na tafsiri yake ya Kiingereza, zikasomwa na Wazungu waliotaka kujifunza Kiswahili. Mwaka huohuo alitoa pia kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili.

Katika karne ya 20 shule nyingi za Uingereza ziliachana taratibu na sarufi rasmi, hasa kuanzia miaka ya 1960. Ikarudi kwa nguvu baadaye, na mwaka 2013 ukaanzishwa mtihani wa kitaifa wa sarufi, uakifishaji na tahajia kwa wanafunzi wa miaka 10 na 11. Utafiti umetoa majibu yanayohitaji kusomwa kwa makini. Chuo Kikuu cha Exeter kilifanya jaribio katika shule 32 na kuona kwamba wanafunzi wa miaka 12 hadi 13 waliofundishwa sarufi ndani ya kazi zao za uandishi waliandika vizuri zaidi. Jaribio jingine, lililotolewa mwaka 2022 na watafiti wa London, liliwahusu watoto wa miaka 6 na 7 waliopewa masomo maalumu ya sarufi. Uandishi wao wa hadithi haukupiga hatua ya maana.

Miongoni mwa wanaoupinga mtihani huo wa kitaifa kwa sauti kubwa ni mwandishi Michael Rosen. Kitabu chake cha mwaka 1989, We're Going on a Bear Hunt, kinasimulia familia inayokwenda kumsaka dubu na kukuta nyasi, mto na matope njiani, na kila kizuizi kinarudisha over, under na through. Rosen alikichukua kutoka kwenye wimbo wa kale wa watoto, si kutoka kwenye mtaala. Walimu wa watoto wadogo katika nchi nyingi wanakitumia kufundisha vihusishi: meza na viti vinasukumwa pembeni, na watoto wanavuka, wanapita chini na wanapenya katikati, huku wakiyataja maneno hayo matatu kwa sauti.