Kiswahili, Makabila na Michezo ya Kuigiza ya Utangazaji: Mfano wa Goma

Suala la nani aonekane katika televisheni, nani asikike redioni, na nani atengwe au ajitenge mwenyewe, kwa kawaida hujadiliwa kwa mifano ya Marekani na Ulaya. Mji wa Goma, ulioko kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, una historia yake katika jambo hili. Makala haya yanaifuatilia historia hiyo, na yanadai kwamba lugha ya pamoja huweza kuwakusanya watu wengi kuusikiliza mchezo mmoja, lakini haiwaondolei utengano wanaorudi nao majumbani baada ya mchezo kwisha.

Televisheni ya Kongo ilianzishwa Kinshasa mwaka 1966. Michezo iliyopata umaarufu mkubwa katika enzi ya Zaire, hususan ile ya kundi la Salongo, iliigizwa kwa Kilingala na ilisawiri maisha ya mji mkuu. Kwa upande wa Kiswahili, kundi lililojulikana zaidi lilikuwa la Mufwankolo mjini Lubumbashi, ambalo mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1990. Mwaka 1986 kundi hilo lilitunga na kurekodi kwa ajili ya televisheni mchezo uliotokana na methali isemayo kuwa mamlaka huliwa yakiwa mazima. Kwa hiyo mkazi wa Kivu aliyebahatika kuwa na televisheni alitazama ama Kinshasa ama Katanga. Kivu yenyewe haikuwa na nafasi ya namna hiyo.

Hata hivyo, Kivu haikuwa jamii moja iliyonyimwa sauti. Kivu ya Kaskazini ni makazi ya Wahunde, Wanande, Wanyanga, Wakumu, Watwa, na wasemaji wa Kinyarwanda, Wahutu kwa Watutsi. Miongoni mwa hao wa mwisho, suala la uraia limekuwa kidonda cha muda mrefu: sheria ya mwaka 1972 iliwapa wengi wao uraia, ya mwaka 1981 ikauondoa, na ya mwaka 2004 ikalifungua tena suala hilo kwa kuzitambua jamii zilizokuwamo nchini wakati wa uhuru wa mwaka 1960. Mapigano ya Masisi na Walikale ya mwaka 1993, na wimbi la wakimbizi kutoka Rwanda mnamo Julai 1994, yaliongeza uzito wa swali la asili ya mtu. Katika mazingira kama hayo, lafudhi ya mwigizaji si pambo tu. Msikilizaji huitumia kukisia kabila lake, na pengine kumhukumu kabla hajamaliza sentensi.

Hapa ndipo Kiswahili kilipopata nguvu yake. Kilingala kilihusishwa na jeshi na serikali. Lugha za kikabila zilihusishwa na wenyewe. Kiswahili cha Goma, ambacho msemaji wake husema "niko naenda" pale ambapo msemaji wa Unguja angesema "ninaenda", hakikuwa mali ya kabila lolote kati ya hayo. Redio Okapi ilipoanza mwaka 2002, ilitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwa uamuzi huo wasemaji wa Kihunde, Kinande na Kinyarwanda walikutana katika lugha moja. Lakini kila mmoja wao alilazimika kuiacha lugha ya mama nje ya mlango.

Jaribio lenye mafunzo zaidi ni la mchezo wa redio uitwao *Kumbuka Kesho*. Shirika la Kiholanzi la Radio La Benevolencija, ambalo mwaka 2004 lilianzisha nchini Rwanda mchezo wa *Musekeweya*, unaosimulia uhasama wa vijiji viwili vya kubuni, liliupeleka mwelekeo huo mashariki mwa Kongo. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha maeneo yaliyosikia mchezo peke yake na maeneo ambako mchezo ulifuatwa na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliwashangaza wengi. Waliohimizwa kujadiliana walizungumza zaidi, lakini walipungukiwa na uvumilivu, walikumbuka zaidi manung'uniko ya jamii zao, na hawakuwa wepesi kuwasaidia watu wa kundi wasilolipenda.

Fasiri mojawapo ya matokeo hayo ni kwamba mjadala hutegemea aliyeketi karibu. Mtu huusikiliza mchezo pamoja na jamaa na majirani, na katika eneo lililogawanyika majirani hao mara nyingi ni wa jamii yake. Wahusika wa makundi tofauti hupatana redioni, ilhali wasikilizaji wanaendelea kuhesabiana makosa ya wale wasiokuwapo. Uwakilishi umetimia, na kujitenga kumebaki palepale.

Kuna njia nyingine iliyojaribiwa Goma: kuwakutanisha watu wenyewe. Kituo cha Yole!Africa kiliwapa vijana mafunzo ya filamu na ngoma, na likaanzishwa tamasha la filamu la Salaam Kivu. Mwezi Februari 2014, miezi michache baada ya waasi wa M23 kushindwa, Tamasha la Amani lilifanyika kwa mara ya kwanza. Hapo mtazamaji hakuweza kumchagua aliyesimama kando yake.

Goma ilitekwa tena mnamo Januari 2025, na hakuna tamasha wala mchezo ulioweza kuzuia jambo hilo. Isingekuwa haki kuvidai vyombo vya burudani kazi ya majeshi na wanasiasa. Funzo lililopo kwa wataalamu wa Kiswahili ni dogo kuliko hilo, lakini ni la kweli: kuisifu lugha kwa kuwaunganisha watu hakutoshi. Inafaa pia kuuliza wanaitumia wakiwa na nani, na ni nani aliyekosekana walipokuwa wakizungumza.