Mtunzi na Mwenye Kumwuliza

Mshairi hufa, shairi likabaki. Mwimbaji hunyamaza, wimbo ukaendelea kuimbwa na wengine. Lakini sababu iliyomfanya mtunzi atunge haibaki kwa nguvu zake yenyewe. Yategemea awepo mtu wa kumwuliza mtunzi naye yungali hai, au wa kuwauliza waliomjua kabla nao hawajaondoka. Katika historia ya sanaa ya Waswahili jambo hili limetukia kwa namna tatu. Yuko mtunzi aliyekufa pasipo kuulizwa, wakaulizwa waliorithi tungo zake. Yuko mtunzi aliyeulizwa mwenyewe katika mwisho wa maisha yake. Na yuko mtunzi ambaye jamaa na majirani zake waliulizwa miaka mingi baada ya yeye kuzikwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa ni mfano wa namna ya kwanza. Siti binti Saad wa Unguja ni mfano wa namna ya pili na ya tatu pia, na kwa hiyo habari zake zastahili kupimwa kwa kirefu.

Muyaka aliishi yapata tangu mwaka 1776 hata mwaka 1840. Zama zake zilikuwa zama za Mazrui kushindana na Seyyid Said bin Sultan, shindano lililokwisha mwaka 1837 Mombasa ilipoingia mkononi mwa Seyyid. Alitunga juu ya vita na fitina za mji, juu ya biashara na ufukara, juu ya mapenzi na nyumba. Nyingi katika tungo zake ni fupi, na nyingi zilizaliwa na tukio maalumu: mtu amesema neno, naye amemjibu. Ubeti wa namna hii ni kama jibu lililotolewa barazani. Asiyelisikia swali hulisifu jibu kwa utamu wa maneno, lakini hajui limemchoma nani.

Aliyeliona jambo hili mapema ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Muyaka alikuwa amekwisha kufa miaka mingi, wala hapakuwa na diwani iliyoandikwa kwa mkono wake. Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo kutoka vinywani mwa wazee waliozihifadhi moyoni, na pamoja nazo akakusanya habari zake: ubeti huu ulisemwa lini, na nani alikusudiwa. Katika kazi hiyo alishirikiana na W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekuwa akijifunza lugha Mombasa. Karatasi zao zilifika London, na kutoka katika karatasi hizo William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz, mtaalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa kitabu kilichoyarudia mashairi hayo na kuyaeleza katika mazingira ya Mombasa ya karne ile. Penye maelezo ya wazee ubeti unasimama imara. Pasipokuwa na maelezo msomaji hana budi kukisia. Tofauti hiyo haikutokana na ufundi wa Muyaka. Ilitokana na bahati ya kuwapo mtu mmoja aliyeuliza kabla ya wazee kwisha.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulikuwa bado ni halali katika kisiwa. Amri ya kuuondoa ilitoka mwaka 1897, na jina lake lilibeba hali ya watu wa tabaka lake. Alifinyanga vyungu akaenda navyo mjini kuviuza, akavitembeza huku akivinadi kwa sauti iliyowavuta watu hata wasiokuwa na haja ya chungu. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, aliyemfundisha uimbaji, na baadaye akaingia katika jamii ya wapigaji ambao majina yao hutajwa pamoja na lake: Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani.

Ili kuelewa alichokifanya, yafaa kukumbuka taarabu ilivyokuwa kabla yake. Ilikuwa ni burudani ya jumba la Sultani tangu zama za Seyyid Barghash, aliyetawala mwaka 1870 hadi 1888, na chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 kiliimba Kiarabu. Siti aliimba Kiswahili. Aliimba katika majumba ya wakubwa, lakini nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, mtaa wa wachukuzi, wachuuzi na watumwa wa jana. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kutiwa katika sahani za santuri. Kufikia mwaka 1931 sahani zilizouzwa katika Afrika Mashariki zilizidi 70,000. Sauti ya Kiswahili ikasikika katika migahawa na vibarazani, mbali na kisiwa chake.

Mwaka 1950, karibu na kufa kwake, alimpokea mgeni aliyekuja kumwuliza habari za maisha yake. Mgeni huyo alikuwa Shaaban Robert, mtumishi wa serikali ya Tanganyika na mshairi aliyekuwa amekwisha kupata jina. Siti alikuwa yapata miaka 70. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, alikuwa amevuka 40. Wote wawili walikuwa Waislamu wa pwani, wote wawili hawakuzaliwa katika nyumba za ukubwa, na wote wawili walipanda kwa ulimi: mmoja kwa kuimba, mmoja kwa kuandika. Siti hakuwa na elimu ya kusoma wala kuandika. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ilihitaji kalamu ya mtu mwingine. Siti alifariki tarehe 8 Julai mwaka huo huo. Kama mgeni angalichelewa miezi michache, asingalimkuta.

Kitabu kilichotoka katika mazungumzo hayo, Wasifu wa Siti binti Saad, kilichapishwa na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958. Katika mwaka uo huo jarida lile lilianza kuchapisha upya maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, tajiri wa pembe na watumwa. Mkutano huo wa vitabu viwili wastahili kuangaliwa. Tippu Tip alisimulia habari zake mwenyewe, kwa cheo chake, na watumwa katika masimulizi yake hawana sauti. Miongo kadhaa baadaye katika mlolongo wa maandishi ya Kiswahili, mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa alitengewa kitabu kizima chenye jina lake. Shaaban Robert alijua anafanya nini. Wasifu ni heshima, na heshima hiyo aliitoa mahali ambapo desturi haikuwa imezoea kuitoa.

Lakini heshima ina bei yake. Swali kubwa la Shaaban Robert lilikuwa swali la mwalimu wa maadili: mtu huyu alishindaje dhiki, na vijana wajifunze nini kwake? Basi kitabu kimejaa subira, bidii, ukarimu na ushindi dhidi ya husuda. Wapo waliomdhihaki Siti kwa sura yake na kwa ushamba wake, wakaitunga dhihaka hiyo kuwa wimbo. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri na ukoo bora si kitu ikiwa mtu amekosa akili. Kisa hicho chalingana barabara na nia ya mwandishi. Kwa visa vingine hakulingana nacho sana. Nyimbo zilizotaja kesi za mahakamani, wizi wa makarani na ukatili wa waume hazikuwa na nafasi kubwa katika picha ya mwanamke mwema aliyestahimili. Zaidi ya hayo, maneno ya Siti mwenyewe yamepita katika nathari ya Shaaban Robert, nathari yenye mizani na nasaha, hata msomaji hawezi kutenga lipi lilisemwa na mwimbaji na lipi limepambwa na mwandishi.

Sehemu iliyokosekana ilitafutwa kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1990 Laura Fair, mwanahistoria wa Kimarekani, aliwauliza wazee wa Unguja juu ya nyimbo za Siti, akatoa matokeo yake katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya mji wa Unguja baada ya utumwa. Swali lake halikuwa Siti alikuwa mtu wa namna gani. Lilikuwa: wimbo huu ulihusu nini? Wazee walijibu kwa visa. Mfano uliojulikana zaidi ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja. Mwuaji akavuka bahari akakimbilia bara. Na wanawake wawili waliosimama kueleza yaliyotokea ndio waliotiwa hatiani, kwa sababu palikuwa na pombe iliyonunuliwa usiku ule. Asiyejua kisa husikia wimbo wa majonzi. Anayekijua husikia mashtaka juu ya hakimu na juu ya serikali, yaliyosemwa hadharani na watu wasiokuwa na mlango wa kuingia barazani kwa wakubwa.

Masimulizi hayo yalionyesha pia jambo ambalo wasifu wa mtu mmoja ni vigumu kulionyesha. Siti na wenzake walikuwa wakikutana usiku, wakapiga, wakaimba, na kuzungumza habari za mji. Mmoja alileta kisa, mwingine akatoa mshororo, mwingine akaugeuza, mpaka wimbo ukatimia. Sauti ilikuwa ya Siti. Lakini utungo ulikuwa wa baraza. Hapa ndipo tofauti ya njia mbili inapodhihirika. Maisha ni mali ya mtu mmoja, na Shaaban Robert alikwenda kwa mtu mmoja akapata maisha. Wimbo wa Siti ulikuwa mali ya wengi, na aliyeutaka alilazimika kwenda kwa wengi. Hapana mmoja kati yao aliyepata kitu kile kile, wala hapana mmoja aliyekosea njia kwa swali aliloliuliza.

Hata hivyo njia ya majirani nayo ina kasoro zake. Waliojibu katika miaka ya 1990 walikuwa vijana au watoto sahani zile zilipokuwa mpya. Miaka 60 na zaidi ilikuwa imepita, na katikati yake yalipita Mapinduzi ya mwaka 1964, yaliyobadili namna watu wa Unguja walivyowatazama wakubwa wa zamani. Kumbukumbu ya dhuluma ya zamani husemwa kwa ulimi wa leo. Kwa hiyo msomaji makini hataweka kitabu kimoja juu ya kingine. Ataviweka ubavu kwa ubavu, kisha atazisikiliza sahani zenyewe, ambazo hazikuulizwa na mtu wala hazikumjibu mtu.

Jambo hili halikwisha na Siti. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, akaiendeleza sanaa ya nyimbo na ya ngoma za unyago hata alipofariki mwezi wa Aprili 2013. Tofauti na mkubwa wake, yeye aliulizwa mara nyingi mno: na waandishi wa magazeti, na wageni, na wapiga picha za sinema. Lakini wingi wa maswali si wingi wa maarifa. Mengi katika mazungumzo hayo yalizunguka umri wake na sigara zake. Machache yaligusa unyago, elimu ambayo yeye alikuwa mwalimu wake na ambayo, kwa desturi, si kila mwenye kuuliza hujibiwa. Ikiwa Muyaka alipungukiwa na mwulizaji, Bi Kidude alipungukiwa na maswali.

Kuuliza si ujinga, na wahenga waliposema hivyo walimtia moyo asiyejua. Kwa mwanafunzi wa fasihi neno hili lahitaji kuongezewa sharti. Huulizi tu ili kujua. Huuliza pia kwa niaba ya wale watakaosoma mtunzi akiwa hayupo. Kwa sababu hiyo yafaa aandike swali lake kama alivyoliuliza, na jibu kama lilivyojibiwa, kisha atenge mahali pengine pa kutoa rai yake. Yafaa aulize habari za kazi sawasawa na habari za maisha, na aulize waliokuwapo kazi ilipofanyika: mpiga udi, mpiga ngoma, jirani aliyesikia kupitia ukutani. Leo chombo cha kunasia sauti kimo mfukoni mwa kila mwanafunzi, kitu ambacho Mwalimu Sikujua wala Shaaban Robert hakuwa nacho. Kilichosalia ni kuufikia mlango wa mtunzi kabla haujafungwa, na kukaa mkekani muda wa kutosha hata mazungumzo ya adabu yaishe na habari yenyewe ianze.