Kasri Lililookolewa na Wakazi Wake: Funzo la Uhifadhi kutoka Mji wa Split

Mgeni anayeingia mji mkongwe wa Split, nchini Kroatia, kwa lango la kusini linaloelekea baharini, hupita kwanza katika kumbi za chini zenye giza, kisha hupanda ngazi na kutokea uwanja wenye nguzo pande zake. Hapo ndipo palipokuwa kitovu cha kasri la Diocletian, Kaisari wa Roma aliyehamia humo baada ya kung'atuka mwaka 305. Kuta zake huzingira eneo la takriban mita 215 kwa 180. Mawe meupe yalichimbwa kisiwa jirani cha Brač. Sanamu za sfinksi zililetwa kutoka Misri. Makala haya yanajiuliza kwa nini kasri hilo lingali limesimama ilhali makasri mengi ya enzi zake yamebaki vifusi. Hoja yetu ni kwamba limedumu kwa sababu lilikaliwa.

Katika karne ya 7, mji wa Salona ulipoanguka mikononi mwa Waavari na Waslavi, baadhi ya wakazi wake walikimbilia ndani ya kuta hizo wakajenga makazi. Kaburi la Diocletian likageuzwa kanisa kuu la Mtakatifu Domnius, askofu wa Salona aliyeuawa mwaka 304 katika mateso ya Wakristo yaliyoamriwa na Kaisari huyohuyo. Hekalu la Jupiter likawa mahali pa kubatizia. Majengo hayo yalikarabatiwa kizazi baada ya kizazi kwa kuwa yalikuwa na kazi. Hata taka zilizotupwa katika kumbi za chini zilisaidia: zilipoondolewa katika karne ya 20, wataalamu waliweza kutambua mpangilio wa vyumba vya juu vilivyokwisha kubomoka, kwani vilifuata ramani ya vile vya chini.

Msanifu majengo Robert Adam alilipima kasri hilo mwaka 1757, akachapisha kitabu chake mwaka 1764. Baadhi ya michoro yake yaonyesha kasri kama alivyodhani lilikuwa zamani, bila nyumba za wakazi. Mtazamo huo humfanya mkazi aonekane kizuizi cha historia. UNESCO ilichukua njia pana zaidi: mwaka 1979 iliorodhesha eneo zima la kihistoria la Split pamoja na kasri lake, ikithamini pia majengo ya zama zilizofuata.

Hata hivyo, katika miongo ya karibuni nyumba nyingi ndani ya kuta zimegeuzwa malazi ya watalii. Mawe yanalindwa na sheria. Mwenyeji anayehama kwa sababu ya kodi hana ulinzi kama huo. Akiondoka, mji hupoteza nguvu ileile iliyouhifadhi kwa karne kumi na tatu.

Suala hili latuhusu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Tunapendekeza kwamba kila mpango wa uhifadhi uhesabu kaya za kudumu kama unavyohesabu milango na baraza, na kwamba idadi hiyo izingatiwe kabla ya kutoa leseni mpya za nyumba za wageni.