Kabla ya Gemu Kulikuwa na Rejeta: Historia ya Kompyuta za Kupozwa kwa Maji, na Kwa Nini Fundi wa Tunduma Hazimshangazi

Mtaani ukisema mtu "kachemsha", kila mtu anaelewa kwamba kafeli. Ila ukilisema neno hilo pale Tunduma, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, dereva hatacheka. Atageuka kuangalia kama ni gari lake. Kwake yeye kuchemsha ni maji yanayotokota kwenye rejeta, mvuke unaotoka mbele ya kichwa cha lori, na mzigo wa watu uliosimama njiani huku siku zinahesabika.

Sasa wadau, mmeziona zile kompyuta zinazosambaa mitandaoni. Kasha la kioo, mabomba yanayopitisha maji ya bluu au mekundu, feni zinawaka taa kama ukumbi wa harusi. Maoni huwa ni yaleyale: "Hii ni ya wazungu", "Huku kwetu tusubiri kwanza". Ukweli ni kwamba ukiifungua ile kompyuta unakuta rejeta, pampu, mipira, tangi dogo la maji na kipande cha shaba. Ondoa taa, unabaki na mfumo ambao mafundi wa barabara ya Dar hadi Zambia wameushika mkononi kwa miaka 60.

Kwanza, kwa nini maji?

Prosesa ni kipande kidogo kinachoenea kwenye kiganja, lakini kinakula umeme si mchezo. Prosesa kubwa ya leo ikibanwa na gemu zito au kazi ya video inaweza kupita wati 200, na kadi ya picha ikapita wati 400. Jumlisha: zaidi ya nusu ya pasi ya kawaida ya wati 1,000, ndani ya sanduku lililofungwa. Karibu umeme wote huo unageuka joto. Joto lisipoondolewa, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe, nyingi zikifika nyuzi 95 hadi 100. Ndipo gemu linaanza kukatakata na mshikaji anailaumu intaneti bure.

Feni peke yake inasukuma hewa, na hewa inabeba joto kidogo. Kilo moja ya maji inabeba joto takriban mara nne ya kilo moja ya hewa, na ukipima kwa ujazo, lita kwa lita, maji yanaizidi hewa zaidi ya mara 3,000. Kwa hiyo maji yanapita juu ya prosesa kwenye kibamba cha shaba, yanachukua joto, pampu inayapeleka kwenye rejeta, feni inapuliza, maji yanapoa, yanarudi. Ni mzunguko uleule wa lori, tofauti ni ukubwa.

Barabara iliyofundisha mafundi

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia Kusini ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, ikajikuta njia yake ya kusini kuelekea baharini ipo mikononi mwa watu isiowaamini. Mafuta yakawa shida kubwa. Suluhisho la haraka lilikuwa barabara ya kaskazini: Dar, Iringa, Mbeya, Tunduma, kisha ndani ya Zambia.

Wakati ule sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Malori yalikwenda na mapipa ya mafuta, yakarudi na shaba. Wazungu waliiita "Hell Run", yaani safari ya jehanamu, na halikuwa jina la kutia chumvi. Magari yalianguka kwenye makorongo, yakakatika springi, na ndiyo, yalichemsha. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar hadi Ndola lilianza kazi, lami ikafuata hatua kwa hatua hadi miaka ya 1970, na kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikipita hapohapo Tunduma.

Historia ya vitabuni inawataja marais na wahandisi. Haiwataji waliokuwa wanalala chini ya lori pembeni mwa barabara. Hao ndio waliojifunza kwamba mlima ni adui wa injini kwa namna mbili: lori linapanda likiwa limebeba, na kadiri linavyopanda juu, maji yanachemka mapema zaidi. Tunduma ipo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kule juu maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 95, siyo 100 kama pale Dar. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kinashikilia presha ili maji yavumilie joto zaidi kabla ya kutokota. Fundi anayekuambia "usifunge gunia, nunua kifuniko" anakufundisha fizikia bila cheti.

Na mkoa huu una historia ndefu zaidi ya joto na chuma. Kabla ya ukoloni wahunzi wa Kinyiha walikuwa wanayeyusha chuma kwenye tanuru na kukifua kwa moto wa mivukuto. Walijua hewa ikipulizwa kwenye kaa inaongeza joto. Wajukuu wao kwenye gereji wakajua hewa ikipulizwa kwenye rejeta inaliondoa. Eneo ni lilelile, ujuzi umegeuzwa upande tu.

Wakati huohuo, kwenye vyumba vya kompyuta

Miaka ileile malori yanahangaika na tope, wahandisi wa Marekani walikuwa na tatizo hilohilo kwenye vyumba vyenye sakafu inayong'aa. Kompyuta kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1960, kama IBM System/360 Model 91, zilipozwa kwa maji ya bomba maalumu. Mwaka 1976 ikaja Cray-1 iliyopozwa kwa gesi ya friji, na mwaka 1985 Cray-2 ambayo saketi zake zilizamishwa kabisa kwenye kimiminika kisichopitisha umeme. Kwa hiyo kupoza kompyuta kwa kimiminika si fasheni ya vijana wa TikTok. Ilianza na mashine za kukokotoa mambo ya anga na nyuklia.

Na Tanzania je? Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965, mwaka uleule ambao Rhodesia Kusini ilijitangazia uhuru. Lakini mambo hayakwenda vizuri. Mashine zilikuwa ghali, wataalamu walikuwa wa kigeni, na matokeo hayakulingana na fedha za kigeni zilizotumika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Masharti yalikuja kulegezwa miaka ya 1980.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Sababu za marufuku zilikuwa za kueleweka, nchi ilikuwa inabana matumizi. Ila angalia kilichotokea. Lori halikupigwa marufuku, kwa hiyo kizazi kizima kilijifunza kulifungua, kulilehemu na kulirudisha barabarani. Kompyuta ilizuiwa, kwa hiyo ilipokuja baadaye ilionekana kitu cha ofisini, cha kufunikwa kitambaa na kuguswa na mtu maalumu. Woga wa kufungua kasha haukutoka mbinguni. Una historia.

Vijana wa gereji, toleo la ughaibuni

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kukatokea watundu huko Marekani na Ulaya waliotaka kompyuta ya bei poa ifanye kazi ya kompyuta ya bei kali. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Watu wakagundua inasukumika hadi 450. Wengi walifanikiwa kwa feni ya kawaida, lakini waliotaka kwenda mbali zaidi walikutana na ukuta wa joto.

Madukani hapakuwa na vifaa vya maana. Walifanyaje? Walikwenda kwenye magari yaliyochoka wakachomoa rejeta ndogo ya hita. Walichukua pampu ya tangi la samaki. Walitoboa kipande cha shaba kwa drili nyumbani na kukifunga juu ya prosesa. Majina ya wengi wao hakuna anayeyakumbuka. Kilichobaki ni wazo: kwamba kijana mwenye drili na rejeta ya gari anaweza kufanya kazi ambayo mwanzo ilikuwa ya makampuni makubwa.

Baadaye makampuni yakanusa biashara. Mwaka 2004 Apple ilitoa Power Mac G5 yenye kupozwa kwa kimiminika, na baadhi zilikuja kuvuja na kuua mashine. Mwaka 2009 Corsair, ikitumia teknolojia ya Asetek ya Denmark, ikatoa H50, mfumo uliofungwa kiwandani ambao mnunuzi anaupachika tu bila kushika maji. Hapo ndipo ilipokuwa bidhaa ya rafuni.

Shaba inayopita ikirudi bei juu

Kibamba kizuri cha kupozea prosesa kinatengenezwa kwa shaba. Simama Tunduma siku yoyote, utaona malori yamebeba vibao vya shaba kutoka Zambia na Congo, yanakwenda bandari ya Dar. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili mzigo kama huo usikae sana mpakani. Shaba inapita mbele ya gereji, inapanda meli, inageuzwa kifaa kiwandani Asia, kisha kinarudi kikiwa na nembo, usafiri na kodi juu yake. Kijana wa Vwawa anayekitaka analipia safari yote hiyo, wakati malighafi ilipita mlangoni kwao.

Mtu wa Songwe akitaka kujenga yake

Mkoa wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Lakini una faida mbili kwa jambo hili. Ya kwanza ni hali ya hewa. Rejeta haiwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa ya chumbani, kwa hiyo usiku wa Juni au Julai kule Tunduma unampa mjenzi nyuzi kadhaa za bure ambazo mtu wa Dar hazipati. Ya pili ni mafundi, na somo lao linahamia kwenye kompyuta karibu lote:

Usichanganye alumini na shaba kwenye mzunguko mmoja. Metali hizo zikikutana ndani ya maji, alumini inaliwa taratibu hadi inatoboka.

Usitumie maji ya bomba. Chokaa inaziba. Tumia maji yaliyotoneshwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu, au kulanti ya kompyuta.

Tangi likae juu ya pampu, na pampu isizunguke kavu hata dakika moja.

Jaribu uvujaji kwanza. Pampu peke yake iwashwe, vingine vyote visiwe na umeme, tishu zikitandikwa chini ya kila kiungo, na mfumo uachwe saa 24. Tishu ikilowa, umeokoa mazabodi.

Tofauti zipo pia, tusidanganyane. Rejeta ya lori ni kubwa mno, imejaa kutu na mafuta ya miaka. Umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo unaua vifaa haraka kuliko joto, kwa hiyo kinga ya umeme inunuliwe kabla ya mabomba ya rangi. Na kwa watu wengi, feni nzuri na kasha linalosafishwa vumbi kila mwezi vinatosha kabisa. Maji ni kwa anayehitaji au anayependa kazi yenyewe.

Kinachopotea

Rejeta za zamani zilikuwa za shaba na zililehemika. Za magari mengi ya sasa ni alumini na plastiki. Ikipasuka unaambiwa tupa, nunua nyingine. Kazi ya fundi rejeta inapungua mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyekaa naye kuandika anachojua: namna ya kusikia pampu inayokaribia kufa, namna ya kupata tundu dogo kwa kuzamisha rejeta kwenye pipa na kufuata mapovu. Upande wa pili wa barabara kuna kijana mwenye kibanda cha kurekebisha simu na kompyuta, anajifunza kupoza mashine kwa video za watu wa mbali, kwa bando.

Wanaishi mtaa mmoja na wanapigana na adui mmoja. Mzee anajua maji, kijana anajua saketi. Wakikaa pamoja wiki moja tu, kompyuta ya kwanza ya maji iliyojengwa Tunduma inaweza isiwe na taa nyingi, ila haitachemsha.

Wadau wa Tunduma, Mlowo na Vwawa, kuna aliyejaribu? Shusha maoni hapo chini.